Kisiki Kikongwe, Mashina Machanga: Jinsi ya Kuutambua Msitu Mkongwe wa Mialoni

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili huujua mwaloni kwa jina kabla hajauona kwa macho: Abrahamu alikaa penye mialoni ya Mamre, kule Hebroni. Mwaloni uliozagaa kwenye vilima vile hadi leo ni wa aina isiyopukutisha majani, na ndugu zake wameizunguka bahari yote ya Mediterania, kuanzia Palestina hadi Moroko na Ureno. Kusini ya Sahara hakuna mwaloni wa asili. Ile "Meru oak" wanayoiuza wenye mbao Nairobi ni Vitex keniensis, jamii ya mfuu, wala haina undugu na mwaloni.

Hapa nazungumzia mmoja tu katika ukoo huo, Quercus ilex. Wahispania huuita encina, Wafaransa chêne vert, Waitalia leccio. Mimi nitauita mwaloni ilex. Misitu yake ni mingi. Ile iliyo mikongwe kweli ni michache mno, imejificha kwenye makorongo na miinuko ya mawe ambako kuufikisha mkaa barabarani kuligharimu kuliko bei ya mkaa wenyewe. Taabu ni kwamba mgeni, na mara nyingine hata mwenye dhamana ya kuulinda msitu, hawezi kutofautisha mkongwe na ule unaofanana na mkongwe. Wa kwanza hautengenezeki tena kwa fedha wala kwa miche. Wa pili unaweza kusaidiwa uzeeke.

Mti wa kiangazi kirefu

Mediterania mvua hunyesha wakati wa baridi, na joto huja na ukame. Mti unaotaka kubaki na majani mwaka mzima lazima uvuke miezi mitatu au zaidi ya jua kali bila tone. Mwaloni ilex umejipanga kwa hilo. Jani lake ni dogo, gumu, linang'aa juu, na chini limefunikwa na manyoya ya kijivu yanayopunguza upotevu wa maji. Mizizi hujipenyeza kwenye nyufa za mawe ya chokaa, kutafuta unyevu ambao nyasi na vichaka haviufikii. Miti michanga na matawi ya chini huwa na majani yenye miiba pembeni, yaani pale mdomo wa mbuzi unapofika. Matawi ya juu yana majani laini pembeni.

Jani moja huishi miaka 2 hivi kwa wastani. Majani ya zamani hudondoka zaidi kati ya Aprili na Juni, wakati mapya yanachipua, si majira ya vuli kama mialoni ya Ulaya ya kaskazini. Kwa hiyo chini ya dari lililofunga, yaani matawi yaliyoshikana juu, kuna giza Januari hadi Desemba. Hapo huvumilia mimea michache: Ruscus aculeatus, Smilax aspera yenye miiba, Viburnum tinus, pamoja na mitambazi inayopanda mashina. Majani yaliyodondoka yana tanini nyingi, yaani kemikali chungu za mimea, na huoza polepole, yakaacha tabaka nene linaloshika unyevu. Ukiinua tabaka hilo kwa kidole utakuta nyuzi nyeupe za kuvu zinazoshikamana na mizizi. Anayeijua miombo ya Tanzania ataelewa haraka, maana miti ya miombo nayo huishi kwa ushirika wa namna hiyo hiyo na uyoga. Kwenye mwaloni ilex mmojawapo wa wabia hao ni trufo nyeusi, Tuber melanosporum, uyoga wa chini ya ardhi unaouzwa kwa bei kubwa kuliko mazao mengi ya msitu huo.

Na ukiukata au ukiungua, mti huchipua upya kutoka shingo ya mzizi. Ndiyo nguvu yake kubwa, na ndiyo iliyouponza.

Mkaa

Mbao ya mwaloni ilex ni nzito. Gogo bichi huzama majini. Mkaa wake huwaka muda mrefu kwa joto kali. Kuanzia Languedoc, kusini mwa Ufaransa, hadi kisiwa cha Sardinia nchini Italia, kwa karne nyingi, watu waliukata kila baada ya miaka 15 hadi 25, wakachoma mkaa, wakayapeleka magome kwa watengeneza ngozi kwa ajili ya tanini, kisha wakaacha visiki vichipue kwa zamu ijayo. Sardinia ya karne ya 19 iliongezea mataruma ya reli. Kazi ilififia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gesi na umeme vilipoingia jikoni. Misitu ikaachwa jinsi ilivyokuwa, na tangu hapo watu wameiona imefunga, yenye kijani kizito, wakadhani ni misitu ya tangu enzi.

Puéchabon, kilomita kama 35 kaskazini magharibi ya Montpellier nchini Ufaransa, ni mfano uliopimwa kwa makini. Msitu ule ulikatwa mara ya mwisho mwaka 1942. Zaidi ya miaka 80 imepita, na dari lake lina mita 5.5 hivi tu. Hekta moja imejaa maelfu ya mashina membamba yanayogombea maji yale yale machache. Hakuna mti mnene, matundu ni machache, na gogo kubwa linalooza chini hulioni. Ardhi yake ni ya msitu tangu zamani, visiki vyake huenda vina karne kadhaa, lakini mashina ni machanga, na wadudu wanaohitaji miti mizee hawana pa kukaa.

Kuusoma msitu

Tuseme umefika kwenye msitu usioujua historia yake. Anza chini kabla ya kutazama juu.

Mti uliotoka kwenye mbegu una shina moja linaloshuka ardhini na kutanua mizizi pande zote. Uliochipua baada ya kukatwa una mashina 3, 5, hata 10 yaliyojipanga duara, na katikati pana shimo au kisiki kilichooza. Kadiri duara linavyopanuka ndivyo kisiki kilivyopitiwa na shoka mara nyingi. Lakini kuna mtego. Machipukizi yakiachwa muda mrefu hujipunguza yenyewe. Dhaifu hufa, likabaki shina moja ambalo kwa mbali linafanana na mti wa mbegu. Piga magoti ulitazame chini: utaona limejikunja kidogo linapoachana na kisiki, na upande mmoja lina kovu au ubao mfu.

Kisha tafuta matanuri. Kwenye mteremko, mchoma mkaa alilazimika kusawazisha duara la mita 5 hadi 10, mara nyingi akajenga ukuta mfupi wa mawe upande wa chini. Duara hilo halipotei. Fagia majani kwa kiatu, chimba sentimita chache, na udongo ukiwa mweusi wenye vipande vya mkaa, umeshapata jibu la swali lako. Vipande hivyo vikiwekwa chini ya darubini hutaja hata aina ya mti uliochomwa, na katika sehemu nyingine vimeonyesha kuwa mialoni inayopukutisha majani ilikuwa mingi zaidi kabla shoka halijaupendelea ilex.

Halafu pima. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 17.84 ni sehemu ya kumi ya hekta. Funga kamba katikati, zunguka, na upime kila shina kwenye kimo cha mita 1.3. Msitu wa machipukizi utakupa vipenyo vilivyorundikana pamoja, vyote karibu sawa. Msitu mkongwe hutawanyika: membamba wengi, wa kati kiasi, wanene wachache, na baadhi ya hao wanene wamekufa wakiwa wima. Sehemu za kivuli kizito zitapishana na mianya yenye jua ambako mti mmoja ulianguka na miche inashindana.

Magogo yaliyolala yana habari zake. Chukua kisu cha kawaida ukichome kwenye kila gogo. Kwenye gogo la juzi hakiingii. Kwenye lililolala miaka mingi huzama sentimita kadhaa. Kwenye la zamani sana huingia hadi mpini. Ukikuta hatua zote hizo kwenye eneo dogo, ujue miti imekuwa ikifa mmoja mmoja kwa muda mrefu bila mtu kuisafisha. Ukikuta magogo yote yako hatua moja, tafuta tukio: ukame mkali, moto, au upepo.

Umri wa miaka kamili usiutegemee sana. Pete za mwaloni ilex hazionekani vizuri, mti unaweza kusimama kukua kiangazi kisha ukaanza tena mvua za vuli na kuacha pete mbili kwa mwaka mmoja, na mizee mno ina uwazi ndani, hivyo pete za mwanzo hazipo kabisa. Ndiyo maana umri wa miaka 800 unaotajwa kwa La Terrona, mwaloni maarufu wa Zarza de Montánchez katika jimbo la Cáceres, Hispania, ni makadirio. Unene wake, unaokaribia mita 8 kuuzunguka, ndio uliopimwa kwa kamba.

Kwa anayetaka alama badala ya hisia, Wafaransa wana kipimo cha IBP, yaani kipimo cha uwezo wa msitu kubeba viumbe wa aina nyingi, kilichoanzishwa mwishoni mwa muongo wa 2000. Kina vigezo 10. Saba vinaangalia msitu wenyewe: aina za miti ya asili, ngazi za uoto, miti mifu iliyosimama, iliyolala, miti minene sana, miti yenye makazi madogo kama matundu na nyufa, na mianya yenye maua. Vitatu vinaangalia mazingira: udumu wa msitu, maji, na miamba. Nakipenda kwa sababu mtu mmoja anaweza kukitumia kwa kutembea tu. Udhaifu wake hujitokeza pale mtu anapobeba viwango vya unene vya msitu wa milimani wenye mvua na kuvipeleka kwenye mawe makavu ya pwani. Mwaloni ilex wa sentimita 45 kwenye mwamba wa chokaa ni babu. Kwenye bonde lenye udongo mzuri ni kijana. Viwango lazima vishushwe kulingana na udongo.

Kigezo kile cha udumu kinastahili neno zaidi. Msitu kudumu mahali na miti yake kuwa mikongwe ni mambo mawili tofauti. Ufaransa hulinganisha misitu ya leo na ramani za kijeshi za État-major zilizochorwa kati ya miaka ya 1820 na 1866, wakati misitu ya nchi ile ilikuwa imepungua kuliko wakati mwingine wowote. Kipande kilichokuwa msitu wakati ule na bado ni msitu kina udongo ambao haukulimwa tangu hapo, hata kama mashina yake ni ya juzi. Kinyume chake, mwaloni mnene uliosimama peke yake shambani una ukongwe bila udumu. Sehemu zenye vyote viwili ndizo za kupiga mstari mwekundu kwenye ramani.

Sas Baddes, kwenye nyanda za mawe ya chokaa za Supramonte ya Orgosolo huko Sardinia, ni mojawapo. Inahesabiwa kati ya misitu ya mwisho ya mwaloni ilex katika Mediterania iliyokwepa ukataji mkubwa. Jiografia iliusaidia kuliko sheria yoyote: miamba inayokata viatu, maji yanayotoweka ardhini, na umbali na bandari. Kuna mashina makubwa yaliyojipinda, matawi yaliyovunjika na kuachwa, magogo ya kila hatua. Kasoro yake iko chini: mifugo na nguruwe huranda, na penye kwato nyingi miche ni haba.

Wapangaji wa mti mzee

Tundu la mti ndilo linalotofautisha msitu mkongwe na mchanga kuliko kitu kingine, nalo huuchukua mti miongo mingi kulitengeneza. Tawi nene huvunjika kwa theluji au upepo. Kuvu huingia kwenye kiini. Kiini huoza polepole na kuacha ganda hai la nje, na chini ya uwazi hurundikana unga wa kahawia wa mbao iliyooza, uliochanganyika na kinyesi cha wadudu, manyoya, mabaki ya viota. Unga huo una unyevu wa kudumu na joto lisilobadilika ghafla. Wapo mbawakawa wanaozaliana humo tu. Mmoja ni Limoniscus violaceus, mdogo, wa rangi ya zambarau iliyokolea, anayetaka uwazi ulio kwenye kitako cha mti, unaogusa ardhi. Kwa kuwa hasafiri mbali, mti wake ukikatwa na wa jirani haujafika umri wa kuoza ndani, ukoo wake wa mahali pale umekwisha.

Anayeonekana zaidi ni Cerambyx cerdo, mbawakawa mweusi anayeweza kufikia sentimita 5, ambaye dume lake lina papasi ndefu kuliko mwili. Buu wake hutafuna mbao kwa miaka 3 au zaidi, akichimba njia zinazoweza kupokea kidole. Mtu mzima hutoka Juni hadi Agosti, akaruka jioni kutafuta utomvu. Njia zake za zamani hazibaki tupu. Wadudu wengine, buibui, nyuki wanaoishi peke yao na kuvu huingia, hivyo mti alioupitia una viumbe wengi kuliko ambao hajaugusa. Agizo la Makazi Asilia la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992 linamlinda katika viambatisho vya II na IV. Hapo ndipo ugomvi na wenye mashamba unapoanzia, hasa kusini magharibi ya Hispania, ambako yeye na jamaa yake Cerambyx welensii hulaumiwa kwa kuua miti. Lawama ina ukweli nusu. Huanza na mti uliodhoofika na wenye majeraha mapana ya kukatwa matawi manene, na shina lililoachwa wazi juani. Kupunguza majeraha husaidia kuliko kuwawinda mbawakawa.

Juu ya magome, upande wa unyevu, tafuta Lobaria pulmonaria, kuvumwani mpana wa kijani wenye mikunjo na mabonde mfano wa pafu. Huenea polepole na hutaka hewa safi na msitu usiokatwa, hivyo kuwapo kwake ni ushahidi mzuri, ingawa kutokuwapo si ushahidi wa kinyume: sehemu kavu mno hutamkuta hata msitu ukiwa mkongwe.

Ndege wakubwa hutaka matawi manene. Corsica na Sardinia wana kipanga wao, Accipiter gentilis arrigonii, anayejenga kwenye misitu iliyokomaa na kuhama akisumbuliwa wakati wa kuatamia. Kwenye miteremko ya Monfragüe huko Extremadura, Hispania, tumbusi weusi hujenga viota juu ya mialoni ilex na mialoni ya gome la koki. Kiota huongezwa vijiti kila mwaka hadi kikawa na uzito ambao tawi changa lisingeubeba. Kusini ya Mediterania, Atlasi ya Kati ya Moroko ina nyani wasio na mkia, Macaca sylvanus, wanaokula kokwa za mwaloni na majani yake pale miti ya mwerezi inapokosa chakula.

Sheria ya Ulaya inaitambua misitu hii kwa namba: 9340 ni misitu ya ilex na ndugu yake rotundifolia, 9330 ni ya mwaloni wa koki, 6310 ni malisho yenye mialoni, yaani dehesa. Mkakati wa bayoanuwai wa Umoja wa Ulaya wa 2020 uliahidi kuilinda kikamilifu misitu yote mikongwe iliyobaki, na Machi 2023 ukatolewa mwongozo wa kuitambua. Kasoro ya namba hizo ni kwamba 9340 inaingiza Sas Baddes na msitu wa mashina ya kidole gumba katika kapu moja.

Mbegu na ndege anayeipanda

Kokwa za mwaloni ilex hukomaa mwaka ule ule wa maua, kati ya Oktoba na Desemba. Kuna mwaka miti yote ya eneo huzaa kupita kiasi, na mwaka wa karibu bila kitu. Katika mwaka mwembamba, fukusi Curculio elephas anaweza kuzimaliza karibu zote: jike hutoboa kokwa changa kwa mdomo mrefu, hutaga, na buu hula ndani kisha hutoka kwa tundu la duara na kujizika udongoni. Mwaka wa neema fukusi huzidiwa, panya huzidiwa, na za ziada huota.

Mpandaji mkuu ni Garrulus glandarius, ndege wa jamii ya kunguru mwenye mabaka ya buluu kwenye bawa. Msimu mmoja huficha maelfu ya kokwa, kila moja kwenye shimo lake, na huchagua nzima. Anazozisahau huota. Kwenye milima ya Sierra Nevada, kusini mwa Hispania, imeonekana kwamba hupenda kuzipeleka kwenye mashamba ya misonobari, na ndiyo sababu mialoni hujitokeza yenyewe chini ya misonobari iliyopandwa na watu. Mwenye shamba la misonobari akitaka mialoni, asiharakishe kununua miche. Aipunguze misonobari hatua kwa hatua, amwache ndege afanye kazi.

Pale ambapo lazima kupanda, kosa la kawaida ni kukausha mbegu. Kokwa ya mwaloni haihifadhiwi kama mahindi. Ikipoteza maji inakufa, na haionyeshi kwa nje. Okota zilizodondoka zenyewe, siku chache baada ya kudondoka, kutoka miti mingi ya eneo lile lile. Zitie majini usiku kucha, kisha tupa zinazoelea. Ukizijaribu kabla ya kuziloweka utatupa nzima zilizonyauka kidogo tu. Zenye tundu la duara usizihesabu. Hifadhi kwenye nyuzi joto 0 hadi 3 za Selsiasi katika mfuko unaopitisha hewa pamoja na mchanga wenye unyevu. Panda moja kwa moja shambani mwishoni mwa vuli au kabla ya majira ya kuchipua, sentimita 4 au 5 chini, kokwa 2 au 3 kwa shimo zikiwa zimelazwa ubavu. Panya wakiwa wengi, funika kwa wavu wa waya unaoingia ardhini.

Kitaluni kiriba kifupi ni hasara. Mwaloni hutanguliza mzizi mkuu chini kabla chipukizi halijaonekana, na mzizi ukigonga kitako cha kiriba hujizungusha. Mti wa namna hiyo hufa kiangazi cha kwanza au huanguka baada ya miaka. Tumia chombo cha kina cha sentimita 18 hadi 20, ujazo wa mililita 300 au zaidi, kilicho wazi chini na kuinuliwa juu ya waya ili hewa ikate ncha ya mzizi. Na usifyeke vichaka kabla ya kupanda. Mche ulio kwenye kivuli cha kichaka huishi kiangazi mara nyingi kuliko ulio juani, hata kama unagawana maji na mwenyeji wake.

Kuuachia na kuusaidia

Kwenye msitu mkongwe halisi kazi ni ndogo: usitoe kuni, usisafishe magogo, usifungue barabara, zuia mifugo na ufuatilie nguruwe mwitu. Njia ya kutembelea iwe moja, na ikiwezekana isipite chini ya miti mizee, kwa sababu tawi likivunjika mbele ya wageni, kesho yake atatokea mtu na msumeno kwa jina la usalama. Kuhamisha njia ni rahisi kuliko kupata tundu jingine la miaka 200.

Msitu wa machipukizi ulioachwa hutaka uamuzi. Ukiacha kila kitu, mashina yatapungua yenyewe, lakini polepole, na ukame ukija mengi yanaweza kufa kwa pamoja. Puéchabon walipunguza mashina katika baadhi ya vipande sambamba na jaribio la kuzuia zaidi ya robo ya mvua lililoanza 2003, na yaliyobaki yalistahimili ukame vizuri zaidi. Ukipunguza sana jua huingia, visiki huchipua kwa fujo, na baada ya miaka michache una vichaka vinavyolisha moto. Naona heri kutoa theluthi moja ya mashina au pungufu, kwa mapande, na kuacha mapande mengine bila kuguswa kabisa. Kabla msumeno haujawashwa, weka alama ya rangi kwenye miti ya kubaki: yote ya mbegu, yote yenye tundu au ufa, yote mifu yenye unene, na aina adimu kama Arbutus na Phillyrea zilizokua kuwa miti. Kuweka alama miti ya kukatwa peke yake humfanya mkataji asiutazame mti mwingine wowote.

Ukataji mwenyewe si dhambi siku zote. Kwenye bonde la Aït Bouguemez katika Atlasi ya Juu ya Moroko, vijiji hufunga vipande vya msitu kwa utaratibu wa agdal na kuvifungua wakati wa theluji, watu wakate matawi ya mwaloni kulisha mbuzi. Ndani ya agdal miti ni mingi na mikubwa kuliko nje, kwa sababu wanakijiji wenyewe ndio walinzi na wanaotozana faini. Si msitu wa tangu asili, lakini upo.

Dehesa ni hesabu nyingine. Hispania na Ureno zina zaidi ya hekta milioni 3 za malisho yenye mialoni iliyotawanyika. Nguruwe wa Iberia hunenepeshwa humo kwa kokwa. Kanuni ya Hispania ya 2014 inataka aongeze angalau kilo 46 katika siku zisizopungua 60 ili nyama yake iitwe ya kokwa. Miti ni mizee na ina matundu ya thamani kubwa. Watoto hawapo: kila mche huliwa. Dawa ni kufunga sehemu kwa zamu mpaka vilele vya miche vipite kimo cha mnyama, ambayo kwa mti unaokua polepole hivi ni miaka 15 hadi 20, au kuzungushia kila mche seng'enge. Bila hivyo miti iliyopo ndiyo ya mwisho.

Seca

Tangu miaka ya 1980, kusini magharibi ya Hispania na kusini ya Ureno mialoni imekuwa ikikauka kwa makundi, hali wanayoiita la seca. Sababu ni nyingi kwa pamoja, lakini mhusika mkubwa ni Phytophthora cinnamomi, kiumbe kinachofanana na kuvu, yule yule anayeozesha mizizi ya miparachichi. Hutoa vijimbegu vinavyoogelea kwenye udongo uliolowa na wenye joto, huua mizizi midogo inayofyonza maji, na kiangazi kinapofika mti hauna cha kunywea. Majani hugeuka kahawia na kubaki juu ya mti wiki chache tu baada ya kuonekana mzima, au dari hupungua taratibu kwa miaka. Ukikuta miti iliyokufa imefuata mkondo wa maji, njia ya magari au bonde linalotuama maji, mshuku huyu kwanza. Chimba karibu na mti unaoumwa, si uliokwisha kufa, kisha peleka udongo na mizizi myembamba maabara. Kwenye mti uliokufa zamani utaokota wavamizi wa baadaye tu.

Tiba kamili haipo. Kinachosaidia ni kutolima chini ya miti, kutopanda lupini ya njano kama malisho kwenye eneo lililoambukizwa kwa kuwa nayo humbeba kiumbe huyu, kuongeza chokaa penye udongo wenye asidi, na kuzuia maji yasituame. Miche ya kitaluni ni njia moja kuu ya kuueneza, kwa hiyo uliza udongo wa viriba ulitoka wapi kabla ya kulipa. Kwa mtu anayetoka dehesa iliyoambukizwa kwenda msitu mkongwe, utaratibu ni kukwangua matope yote kwenye viatu na magurudumu kwa brashi, kuosha kwa maji, na ndipo kupulizia spiriti ya asilimia 70. Ukipuliza dawa juu ya tope, tope hubaki na vijimbegu vyake ndani.